Ushahidi wa Jani

Miongoni mwa maswali ambayo mwanadamu hajapata kuyamaliza, tangu alipoanza kuinua uso wake mbinguni na kuinamisha mkono wake ardhini, ni hili la mahali unapokaa uovu: je, umo ndani ya vitu vyenyewe, umeumbwa navyo na kukua navyo, au vitu vyote vimeumbwa safi, na uovu huingizwa na mkono unaovitwaa? Swali hili lilizoea kuulizwa misikitini, makanisani na barazani, na wale waliolijibu walikuwa na vitabu, na ndimi, na hoja, lakini hawakuwa na mizani ya kukipimia kitu chenyewe walichokuwa wakikishindania. Katika muda wa miaka mia mbili iliyopita mizani hiyo imepatikana. Mwanakemia aweza leo kulitwaa jani la tumbaku au punje ya soya, akaisaga, akailoweka katika spiriti, akatenga sehemu na sehemu, kisha akasema kwa hesabu ni nini kimo na ni kwa kiasi gani. Nataka kuuliza katika makala haya ni kwa kadiri gani mizani hiyo imelijibu swali letu, na ni mzigo gani imetutwika ambao wazee wetu hawakutwikwa.

Zamani walikuwapo watu walioamini kwamba jibu liko wazi katika mboga na matunda. Wafuasi wa Mani, aliyetokea Babeli katika karne ya 3, walifundisha kwamba ulimwengu ni mchanganyiko wa nuru na giza, na kwamba baadhi ya matunda, kama matikiti, yamebeba chembe nyingi za nuru iliyotekwa, hata wateule wao wakayala kwa ibada ili kuifungua nuru hiyo irudi kwake juu. Augustino, mtoto wa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354, aliifuata dini hiyo kwa muda wa miaka tisa hivi, na alipoiacha akashika msimamo ulioongoza fikira za Wakristo kwa karne nyingi, ya kwamba kila kilichoumbwa, maadamu kipo, ni chema, na uovu si dutu bali ni upungufu wa wema uliopasa kuwapo. Upande wa Waislamu, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya halali na haramu katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, aliweka kipimo ambacho kila nikikirejea hunistaajabisha kwa jinsi kinavyoikaribia kazi ya maabara: kwamba katika mimea haiharamiki ila ile inayoondoa akili, au uhai, au afya. Hukumu aliifungamanisha na athari, na athari ni jambo linaloweza kutafutwa, kuonekana na kupimwa.

Basi tumbaku ilipovuka bahari kutoka Amerika na kuenea duniani, iliwakuta wanazuoni wana kanuni lakini hawana cha kupimia. Mfalme James wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaani mwaka 1604. Sultani Murad wa Nne wa Istanbul aliipiga marufuku mwaka 1633, na waliokaidi akawaua. Huko Misri Ibrahim al-Laqani aliiharamisha, naye Ali al-Ujhuri, wa madhehebu yaleyale ya Maliki, akaihalalisha. Na mwaka 1682 Abdulghani al-Nabulusi wa Dameski aliandika risala ya kuitetea, akijenga juu ya kanuni kwamba asili ya vitu ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kuvizuia. Wanazuoni wa Kiibadhi wa Oman, ambao sauti yao ilisikika Unguja na Pemba, walishikilia uharamu wake, ilhali majirani zao wa madhehebu mengine walikuwa wakiitafuna barazani pamoja na tambuu. Siwezi kumdharau hata mmoja wa hao. Aliyeharamisha alihofia madhara asiyoweza kuyaonyesha, na aliyehalalisha alikataa kuwazuilia waja wa Mungu kitu kwa dhana tupu. Kila mmoja alitimiza wajibu wa elimu aliyokuwa nayo. Walichokosa wote ni shahidi, na shahidi huyo alikuwa amefungwa ndani ya jani lenyewe.

Alianza kunena mwaka 1809, pale Louis Nicolas Vauquelin wa Paris alipoona katika maji ya tumbaku kitu kikali chenye kuruka hewani. Na mwaka 1828 vijana wawili wa Heidelberg, Posselt aliyekuwa tabibu na Reimann aliyekuwa mwanakemia, walikitoa kikiwa safi: mafuta yasiyo na rangi, yanayogeuka ya hudhurungi yakikaa katika hewa, yenye harufu ya kuwasha pua. Yakaitwa nikotini, kwa kumbukumbu ya Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, aliyepeleka tumbaku katika jumba la wafalme wake kiasi cha mwaka 1560. Ni sumu kali, na matone machache yaweza kumwua mtu mzima.

Haikupita miaka 25 kabla ya mtu kuyatumia kwa kuua. Tarehe 20 Novemba 1850, katika kasri la Bitremont nchini Ubelgiji, Gustave Fougnies, mtu mwenye mali lakini dhaifu wa mwili na aliyekatwa mguu, alikufa ghafula wakati wa chakula nyumbani kwa dada yake na shemeji yake, Hippolyte Visart de Bocarmé, kabaila mwenye jina kubwa na madeni makubwa kuliko jina. Shemeji huyo alikuwa ameshughulika kwa siri, muda wa miezi, kutoa nikotini katika majani ya tumbaku. Alitegemea jambo ambalo hata mabingwa wa sumu wa zama zile walilikiri kwa masikitiko, ya kwamba sumu za madini huonekana katika maiti, lakini sumu za mimea zikishaingia mwilini hupotea zisipatikane tena. Kazi ya kuitafuta alipewa Jean Servais Stas, mwalimu wa kemia katika Chuo cha Kijeshi cha Brussels. Naye akaviloweka viungo vya marehemu katika spiriti yenye asidi, akachuja, akachuja tena, akaondoa mafuta na masalio ya nyama, kisha akatia potasi na kutikisa pamoja na etha. Na etha ile ilipokwisha kufuka, ikabaki chini ya chombo dutu yenye harufu ya tumbaku na ukali wake. Siki aliyomiminiwa maiti ili kuficha dalili za sumu haikumfaa mwuaji, maana asidi huigeuza nikotini kuwa chumvi isiyoruka hewani kwa wepesi. Bocarmé alikatwa kichwa mjini Mons mwaka 1851, na njia ya Stas, ikirekebishwa na waliomfuata, ikawa ndiyo njia ya kutafutia sumu za mimea katika miili ya watu kwa vizazi kadhaa.

Nimelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu katika mahakama ile jani halikushtakiwa. Hapana hakimu aliyeuliza kama tumbaku ni mmea mwema au mwovu. Nikotini aliyoishika Bocarmé na nikotini iliyobaki katika chombo cha Stas ilikuwa ni dutu moja, sawasawa kwa kila atomi, kaboni 10, hidrojeni 14 na naitrojeni 2. Kwa mmoja ilikuwa silaha, na kwa wa pili ikawa ushahidi. Ikiwa uovu ungekuwa umekaa katika dutu, ungekutwa katika vyombo vyote viwili.

Na ile potasi aliyoitia Stas ilifanya kazi ambayo watu wa pwani yetu wameifanya kwa vidole vyao tangu dahari. Atafunaye tambuu hulipaka jani chokaa, akaweka popoo iliyokatwa, na wengi huongeza kipande cha tumbaku. Nayo chokaa, kwa kuwa ni alkali, huifungua nikotini kutoka katika chumvi zake, ikapenya ngozi laini ya mdomo kwa haraka. Mzee aliyejua kwamba tambuu pasipo chokaa haichangamshi alikuwa na elimu ya kweli, ijapokuwa hakupata kuiandika. Nasema hivi bila kuusifu uraibu huo, ambao matabibu wameuonyesha kuwa ni njia ya saratani ya mdomo. Nasema ili tuone kwamba uchanganuzi wa mimea haukuanza na chupa za kioo, na kwamba chokaa tutakutana nayo tena hivi punde, ikiwa katika kazi nyingine kabisa.

Habari inayonifikirisha kuliko zote katika kemia ya tumbaku ni ya undugu. Nikotini ikiunguzwa kwa asidi ya naitriki, pete moja kati ya mbili zinazoiunda huvunjika na nyingine husalia, na kinachopatikana ni asidi ambayo wanakemia waliijua tangu miaka ya 1860 na 1870 na kuiita asidi ya nikotini. Ilikaa katika chupa za maabara kwa miaka mingi bila mtu kudhani ina faida kwa mgonjwa. Wakati huo, katika majimbo ya kusini ya Marekani, maskini waliokula mahindi siku zote walikuwa wakiugua pelagra: ngozi hubabuka panapopigwa na jua, kisha kuhara, kisha wazimu, kisha mauti. Daktari Joseph Goldberger, aliyepewa kazi hiyo na serikali mwaka 1914, alithibitisha kwamba si maradhi ya kuambukizwa bali ni ya upungufu wa chakula, akafa mwaka 1929 asijue ni kitu gani hasa kilichopunguka. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake waliwapa asidi ileile mbwa wenye maradhi ya ulimi mweusi, ambayo kwa mbwa ni kama pelagra kwa watu, nao wakapona. Na muda si mrefu watu pia wakapona. Kilichodhaniwa kuwa ni mabaki ya sumu kilikuwa ni vitamini.

Undugu huo ni wa karibu zaidi ya hapo. Mtumbaku huitengeneza nikotini mizizini, si majanini. Wachunguzi wa miaka ya 1940 walipandikiza vilele vya tumbaku juu ya mizizi ya mnyanya, na majani yaliyochipuka yakakosa nikotini ila kwa kiasi kidogo mno. Wakapandikiza mnyanya juu ya mizizi ya tumbaku, na mnyanya ukaibeba nikotini katika majani yake. Baadaye ikajulikana kwamba huko mizizini pete moja ya nikotini hutokana na asidi ileile ya nikotini, yaani vitamini. Mmea huitwaa dawa ukaifanya sumu. Mwanakemia huitwaa sumu akaifanya dawa. Na katika kwenda na kurudi huko hapana mahali ambapo mtu aweza kuweka kidole na kusema kwamba hapa ndipo wema ulipokoma na uovu ulipoanza. Wafuasi wa Mani wangalitafuta hapo chembe za nuru na chembe za giza, na wangalizikosa.

Wala sumu hiyo haikuumbwa kwa ajili yetu. Mmea hauna miguu ya kukimbilia. Nikotini ni ngao yake dhidi ya wadudu, na ukijeruhiwa huongeza kiasi chake, kama mkulima anavyokiongeza bila kukusudia anapokata kilele chenye maua ili majani yanenepe. Yupo kiwavi wa nondo katika Amerika ambaye hula majani hayo na kushiba bila kudhurika, kwa kuwa mwili wake umejaliwa njia ya kuiondoa sumu. Kwa mdudu mmoja jani ni mauti, na kwa mwenziwe ni riziki. Ninapoyatafakari hayo huona kwamba sisi wanadamu tumejizoeza kuuliza kila mmea una faida gani kwetu au madhara gani kwetu, kana kwamba hikima ya Muumba imeandikwa kwa lugha ya matumbo yetu peke yake.

Sasa ile chokaa. Mahindi hayakukosa kabisa vitamini ile inayozuia pelagra. Imo, lakini imefungika hata tumbo lisiweze kuitoa. Watu wa Mexico, tangu kabla ya kuja Wahispania, hupika mahindi yao kwa maji ya chokaa, na chokaa huifungua. Zao hilo liliposafirishwa kwenda Ulaya na Afrika, mbegu ilichukuliwa na elimu ya chokaa ikaachwa nyuma, na pelagra ikafuata nyayo za mahindi. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, ambao posho yao ilikuwa mahindi na karanga zikawa hazipatikani tena, waliipata pelagra kwa maelfu, katika nchi ambayo zao lake kuu la kuuza ng'ambo lilikuwa tumbaku. Chokaa iliyo mdomoni hufungua kinachomtia mtu utumwani, na chokaa hiyohiyo ikiwa chunguni hufungua kinachomwokoa na wazimu. Nani atasimama kuihukumu chokaa?

Soya nayo ina hadithi yake, ijapokuwa ni fupi. Punje yake ina protini kiasi cha sehemu 36 hadi 40 katika mia, na mafuta kiasi cha 20, hata imesifiwa kuwa nyama ya maskini. Lakini mwaka 1917 Osborne na Mendel, huko Connecticut, waliona kwamba panya waliolishwa soya mbichi hawakukua ipasavyo, na waliolishwa soya iliyopikwa wakakua. Mwaka 1945 Moses Kunitz akakitoa kikiwa safi kiambata kimoja kinachosababisha hayo: protini inayoifunga tripsini, kimeng'enya cha kusagia protini tumboni, hata chakula kikapita bila kufaidiwa. Moto wenye unyevu huiharibu protini hiyo, na soya ikawa riziki njema. Mama wa Kiafrika anayeloweka na kuanika mhogo mchungu kabla ya kuusaga anaijua kanuni hii, na pale ambapo njaa au haraka ilifupisha kuloweka huko, kama ilivyotokea katika nyanda za Kwango nchini Kongo ambako tabibu Trolli aliandika habari za konzo mwaka 1938, watu walipooza miguu. Kwa hiyo hata katika vyakula tunavyoviita vyema pana kazi ya mkono wa mtu kati ya uumbaji na sahani, na wema wa chakula hukamilika kwa elimu.

Moto huohuo unaoisafisha soya ndio unaoitia tumbaku ubaya wake mwingi. Wachanganuzi wa moshi wa sigara wamehesabu ndani yake viambata zaidi ya 7,000, na kiasi cha 70 kati yake hujulikana kuwa huleta saratani. Jani bichi likiwa shambani halina sehemu kubwa ya hivyo. Baadhi huzaliwa katika kukausha, pale nikotini na ndugu zake wanapokutana na naitraiti na kuzaa nitrosamini. Vingine, kama benzopirini na hewa ya kaboni monoksaidi, huzaliwa na mwako wenyewe. Tendo la mtu ndilo lililovifungulia njia, na shetani hakuvificha katika mbegu.

Mpaka hapa yaonekana kama uchanganuzi umempa Augustino ushindi, na kwamba dutu zote hazina hatia na hatia yote ni ya nia. Lakini ninahofia kwamba tukikomea hapa tutakuwa tumejipumzisha kabla ya kufika. Mwaka 1905 John Newport Langley wa Cambridge, aliyekuwa akichunguza namna nikotini inavyoishtua misuli, alitoa rai kwamba zimo katika chembe za mwili dutu za kupokea, ambazo nikotini huzishika kama ufunguo unavyoshika kufuli. Rai yake imethibitika. Vipo katika mishipa ya fahamu na katika ubongo vipokezi vilivyowekwa kwa ajili ya asetilikolini, mjumbe wa mwili wenyewe, na nikotini huingia mahali pake. Kutoka kwenye pumzi ya moshi hadi ubongoni huchukua sekunde chache, na ubongo uliozoea hudai tena na tena. Basi nia, ambayo dini zetu zimeifanya kuwa kipimo cha amali, yenyewe ina mahali mwilini panapoguswa na jani. Mvutaji aliyeanza akiwa na miaka 14, kabla hajawa na akili timamu ya kupima, atakapofika miaka 40 na kusema kwamba anataka kuacha asiweze, nia yake imegawanyika dhidi yake, na kumwambia kwamba yeye peke yake ndiye mwenye hatia ni kumtwika mzigo kwa hesabu isiyo sawa. Ghazali aliitaja akili kwanza, kabla ya uhai na afya. Nadhani alijua kwamba kinachoigusa akili kinamgusa hakimu mwenyewe.

Kwa hiyo mimi sisemi kwamba uovu umo katika dutu, wala sisemi kwamba wote umo katika nia ya mwenye kutumia. Nasema kwamba uchanganuzi umeleta ulimwenguni kitu ambacho hakikuwapo zamani za Laqani na Nabulusi, nacho ni ushahidi. Na popote ulipo ushahidi, pana wajibu wa kuutoa kwa haki na dhambi ya kuuficha. Dini ya Kiislamu imekataza kuuficha, na imemhesabu mwenye kuuficha kuwa na moyo wenye dhambi. Na amri ya kutomshuhudia jirani uongo imo katika zile kumi za Musa. Amri hizo ziliwekwa kwa ajili ya watu wanaosimama mbele ya kadhi, lakini sioni sababu ya kuwatoa wale wanaosimama mbele ya mizani ya maabara.

Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, aligundua njia ya kupima naitrojeni iliyomo katika nafaka: huchemshwa katika asidi ya salfuriki mpaka naitrojeni yake ikageuka amonia, amonia ikanaswa na kupimwa, kisha hesabu ikazidishwa kwa 6.25 ili kupata protini. Njia hiyo imeihudumia dunia, na ndiyo iliyotupa hesabu nyingi za soya na maziwa. Lakini yaona naitrojeni. Haioni naitrojeni hiyo imetoka wapi. Mwaka 2008 ilidhihirika nchini China kwamba watu walitia melamini, unga wa viwandani ambao theluthi mbili ya uzani wake ni naitrojeni, katika maziwa yaliyotiwa maji, ili kipimo kiseme kwamba protini imetimia. Watoto kiasi cha 300,000 waliugua, na sita wakafa. Mizani haikusema uongo. Ilisemeshwa uongo na watu walioijua vizuri jinsi inavyofanya kazi, na hapo elimu ya kemia ndiyo iliyokuwa chombo cha hadaa.

Na kuna uongo mwingine, wa kunyamaza. Mwaka 1994 wakuu saba wa makampuni ya tumbaku ya Marekani walisimama mbele ya kamati ya Bunge, wakainua mikono na kuapa, kisha mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba hawaamini kuwa nikotini huleta utumwa wa uraibu. Nyaraka zilizofunuliwa katika miaka hiyo zilionyesha kwamba mwanasheria wa mojawapo ya makampuni hayo alikuwa ameandika kwa siri mwaka 1963 kwamba nikotini huleta uraibu. Miaka 31 imo kati ya waraka ule na kiapo kile, na katika miaka hiyo ni wangapi walioanza kuvuta wakiwa watoto? Ikiwa mtu aniuliza ni wapi hasa nimeuona uovu katika habari ndefu ya nikotini, sitamwonyesha jani, wala chupa ya Posselt na Reimann. Nitamwonyesha mikono ile saba iliyoinuliwa.

Tusijitoe sisi wenyewe katika jambo hili, maana tumbaku hulimwa kwetu. Katika Urambo, Tabora, Chunya na Songea ziko kaya nyingi ambazo ada za shule na bati la nyumba vimetoka katika majani hayo, na mkulima aliyekesha katika bani la kukaushia akichochea moto wa kuni za miombo hastahili kuhutubiwa na mtu aliyeshiba kwa mshahara. Jani lake likifika sokoni hupangwa kwa daraja, kwa rangi yake, unene wake na mahali lilipokaa katika shina, naye huambiwa daraja na bei. Nikotini na sukari iliyomo hupimwa mbali naye, katika maabara za wanunuzi. Na ile nikotini iliyotengenezwa na mtumbaku mizizini haimngoji mvutaji: wakati wa kuvuna asubuhi, majani yakiwa na umande au mvua, huyeyuka katika maji hayo na kupenya ngozi ya mikono na mgongo wa anayeyabeba, akapatwa na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma. Wengi huyahesabu hayo kuwa ni uchovu au malaria. Watoto huathirika zaidi kwa udogo wa miili yao.

Najua kuna wanaosema kwamba tiba ni kuling'oa zao lote, na huko Migori nchini Kenya, tangu mwaka 2021, wakulima wamesaidiwa na serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuiacha tumbaku na kupanda maharage yenye chuma kingi, jambo ambalo nalitakia heri. Lakini hata pale ambapo zao litaendelea kulimwa kesho na keshokutwa, hapana udhuru wa kumnyima mkulima ushahidi uliotolewa katika jani lake mwenyewe. Vyuo vyetu vya kilimo, taasisi za utafiti na wanunuzi wanao ushahidi huo, na mkutano wa chama cha msingi una viti vya kutosha. Usomwe pale, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya msimu wa kuvuna: ni kitu gani kimo katika jani, kinapitaje mwilini, kwa nini inafaa kungoja umande ukauke, kwa nini mikono ivikwe na nguo zilizolowa zibadilishwe, na kwa nini mtoto asiyabebe majani mabichi kifuani.